Daktari Aliyeshindwa Kumlilia Lulumea

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Ilikuwa nalo, tena zuri tu, lakini limepelekwa kupakwa rangi upya kwa ajili ya sherehe na fundi hajalirudisha. Msomaji asijisumbue kubahatisha ni nchi gani. Akiona inafanana na anayoijua, basi ni macho yake hayo, akapimwe.

Katika nchi hii kilitoka kitabu kiitwacho *Kisima cha Lulumea*. Kilikuwa riwaya nene, ya kutosha kuuzuia mlango usibamizwe na upepo, na kisa chake kilikuwa hiki. Katika sura ya kwanza kijana Zubeiri anachukua ndoo kwenda kisimani kumtekea mchumba wake Lulumea maji ya kunawa uso. Katika sura ya mwisho anarudi. Kati ya sura hizo mbili Lulumea anasimama mlangoni akimsubiri, anazimia, anazinduka, anajipangusa vumbi, anaendelea kusubiri. Zubeiri anaporudi, ndoo imejaa machozi yake mwenyewe, maana kisima alikikuta kimekauka na hakutaka kurudi mikono mitupu.

Watu walikipenda. Nasema kweli, walikipenda kwa hiari yao. Amri ilikuja baadaye. Wauza samaki walisomeana sokoni mpaka samaki wakaharibika. Askari mmoja wa usalama barabarani, alipofika mahali Lulumea anapozimia kwa mara ya kwanza, alinyoosha mkono akasimamisha magari ya pande zote, akalia. Madereva wakazima injini, wakateremka, wakalia naye. Watoto wa kike wote waliozaliwa msimu ule waliitwa Lulumea, na wa kiume wachache pia.

Serikali ilipoona wananchi wanalia bila kuratibiwa, ilishtuka. Ikaunda haraka Wizara ya Hisia za Wananchi, na Mheshimiwa Salehe Tambalizeni akateuliwa kuwa Waziri. Siku ya kuapishwa alitoa hotuba ambayo mpaka leo inafundishwa shuleni.

"Ndugu wananchi," alisema, "nchi nyingine zina mafuta, sisi tuna machozi. Mafuta sharti yachimbwe. Machozi yanachuruzika yenyewe. Kazi ya serikali yenu sikivu ni kuyawekea mfereji."

Tangu siku hiyo kukipenda kitabu kikawa wajibu wa kila mwananchi, na kwa kuwa watu walikuwa wakikipenda tayari, hakuna aliyeona tofauti. Mtunzi wake akateuliwa kuwa balozi katika nchi ya mbali sana, asije akaandika kitu kingine akakiharibia kitabu sifa.

*

Katika mji mkuu alikuwepo daktari wa meno aitwaye Mashavu, mke wa Mwinjuma, fundi majokofu. Mashavu alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono myepesi, na wagonjwa walimpenda kwa kuwa aling'oa jino kabla hujamaliza kuogopa. Kwa sababu ya kazi nyingi alichelewa kukisoma kile kitabu. Habari zake alizipata kwa wagonjwa waliomsimulia wakiwa wamepanua vinywa, kwa hiyo kwa muda mrefu alidhani binti mwenyewe anaitwa Uu-u-e-a.

Mwinjuma ndiye aliyemletea. Alikuwa mtu mkubwa, wa kubeba jokofu peke yake kupanda nalo ngazi, na alikuwa amekisoma polepole kwa kidole mpaka mwisho. Alikifunga kwenye kitambaa safi, akamkabidhi mkewe kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga, akamwambia akimaliza amwite, walie pamoja.

Mashavu alikisoma. Alikisoma kwa moyo mweupe, maana alimpenda mumewe na alitaka kulia naye. Alipofika pale Lulumea anapozimia mara ya kwanza, alisikitika kidogo. Mara ya pili akajiuliza kama binti yule anakula vizuri. Baada ya hapo akawa anapiga miayo, na kila mwayo ulipomjia aliufunika kwa kiganja, kwa kuwa Mwinjuma alikuwa amekaa pembeni akijifanya anatengeneza feni huku anamchungulia usoni.

Hatimaye akafunga kitabu. Mwinjuma akaiweka bisibisi chini.

"Eh?" akauliza.

Mashavu alitafuta la kusema lililo la kweli na lisiloumiza. Alipolikosa, akasema la kweli.

"Hivi kwa nini hakuomba maji kwa jirani?"

Mashavu, kama watu wa kweli wanavyofanya wakishateleza, akaendelea kuteleza. Akasema tena kwamba mwandishi ameandika Lulumea alipotabasamu yalionekana meno thelathini na sita, na binadamu hana meno mengi hivyo, na kama anayo basi hapaswi kusimama mlangoni anamsubiri Zubeiri, apelekwe hospitali. Mwinjuma alikichukua kitabu chake taratibu, akakifunga tena kwenye kitambaa, akahamia nacho kwenye sofa. Chakula cha siku ile walikula kila mtu akitazama sahani yake.

*

Siri ile ingebaki ndani ya nyumba kama Mheshimiwa Waziri asingeumwa jino.

Alifika kliniki na msafara wake, akakalia kiti cha wagonjwa, Mashavu akamchoma sindano ya ganzi. Wakati wakingoja ganzi ikolee, Waziri, ambaye alikuwa na desturi ya kuwauliza wananchi wote swali hilo, akamuuliza daktari ni sura gani iliyomliza zaidi.

"Hakikuniliza, Mheshimiwa," Mashavu akasema. "Nilijitahidi. Panua kidogo."

Waziri alitaka kusimama kwa hasira, lakini kiti kilikuwa kimelazwa. Alitaka kutoa hotuba, lakini ganzi ilikuwa imekwisha kolea na nusu ya mdomo wake ilikuwa haimtii tena. Akanguruma maneno mazito kuhusu usalama wa taifa, udenda ukimtiririka mpaka kwenye tai, na wasaidizi wake, kwa kuwa walikuwa hawaelewi hata neno moja, wakapiga makofi. Mashavu akachukua koleo akaling'oa jino. Kwa kuwa Waziri alitokwa na machozi wakati ule ule, gazeti la serikali liliandika kwamba Mheshimiwa amelilia tena *Kisima*, safari hii akiwa kliniki.

Nchi yetu si katili. Haikumfunga Mashavu. Ilimhurumia, jambo ambalo wenye uzoefu wanasema huchukua muda mrefu zaidi. Wizara iliunda Kamati ya Kumsaidia Daktari Kulia. Kamati ilianza kwa kudhani kwamba amekisoma kwenye kiti kibaya, ikamletea kiti cha Wizara. Mashavu akakisoma upya kwenye kiti cha Wizara. Hakulia. Ikadhani herufi zilikuwa ndogo, akaletewa nakala ya herufi kubwa, ambayo ilibidi ibebwe na watu wawili na kila ukurasa ufunuliwe na wa tatu. Hakulia. Mwisho wakamletea bendi ya polisi ipige muziki wa huzuni wakati Waziri mwenyewe akimsomea kwa sauti.

Siku ile ndipo Mashavu aliposhindwa kuuzuia mwayo. Alipiga mmoja, mrefu, wa kuonekana mpaka magego. Mpiga tarumbeta akaambukizwa, akapiga wake ndani ya tarumbeta, ikatoa sauti ya ng'ombe. Mpiga ngoma naye akafuata. Kabla Zubeiri hajakikaribia kisima bendi nzima ilikuwa imelala, na Waziri alikuwa anasoma huku kidevu kimeegemea kitabu. Mashavu akawafunika wote kwa mashuka ya kliniki, akarudi kazini.

Ila kazini palikuwa patupu. Wagonjwa waliona ni heri kuvimba shavu kuliko kuguswa na mkono usio na huruma kwa Lulumea. Jirani aliyezoea kumwazima kinu sasa alikifungia ndani. Hayo Mashavu aliyavumilia. Lililomkaa rohoni ni kwamba Mwinjuma aliacha kumsimulia mambo ya kutwa. Zamani akirudi alikuwa anamweleza kila jokofu alilolitengeneza, lilikuwa na kasoro gani, ndani lilikuwa na nini, na mwenye nyumba alikuwa mtu wa namna gani. Sasa alisalimia, akanawa, akaenda kwenye sofa. Mara moja Mashavu alimwambia kwamba hakukusudia kumdharau. Mwinjuma akajibu kwamba anajua, na kwamba hajakasirika. Jibu hilo lilimuumiza Mashavu kuliko ugomvi.

*

Mambo yaligeuka kwa sababu ya wageni. Ulikuja ujumbe kutoka nchi jirani, na katika dhifa ya taifa kiongozi wao, akiwa amekwisha shiba, akajisifu kwamba kwao wana watu wanaovikosoa vitabu, tena kwa ukali, na serikali inawaachia tu. Akamuuliza Rais wetu kama na sisi tunao.

Rais hapendi kuulizwa kama tuna kitu halafu iwe hatuna. Akajibu kwamba tunao tele. Wageni walipoondoka akamwita Waziri Tambalizeni, akamuuliza wako wapi. Waziri akamwambia yupo mmoja, anatibiwa.

Kesho yake redio ilitangaza kwamba nchi imeingia katika zama mpya za Kutoridhika. Kutoridhika, ilisema, ni dalili ya maendeleo. Mbuzi huridhika, binadamu hukosoa. Daktari Mashavu akateuliwa kuwa Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Kutoridhika. Yeye mwenyewe alisikia habari hizo akichemsha vifaa vyake. Alikwenda kukataa, akaelezwa kwa upole kwamba uteuzi ulikwisha somwa redioni, na kitu kilichosomwa redioni hakikataliwi, kama mvua. Akakubali kwa hesabu zake mwenyewe: akikalia kiti kile atawaacha watu na vitabu vyao, basi.

Sijui msomaji kama ataniamini, lakini ilipofika adhuhuri hakukuwa na mtu nchini aliyewahi kukipenda *Kisima cha Lulumea*. Waziri Tambalizeni aliwaita waandishi wa habari akawaeleza kwamba yeye alichoshwa tangu ukurasa wa kwanza, lakini aliificha siri hiyo kwa usalama wa taifa. Yale machozi ya hadharani, alisema, yalikuwa ya kuchoka. Wauza samaki walifungia samaki kwa kurasa za kitabu. Kina Lulumea wachanga wakabatizwa upya. Mashuleni kulifanyika mashindano ya kupiga miayo, na mshindi wa taifa ikabidi apelekwe kwa Mashavu kurudishiwa taya.

Kliniki ikafurika. Watu walikuja wakiwa hawaumwi chochote, wakakaa kitini wakamwambia, kwa sauti ya kusikika barabarani, kwamba hata wao walishangaa kwa nini Zubeiri hakuomba maji kwa jirani. Walilisema neno lake kama kasuku, wengine wakisema "jirani hakuomba maji kwa Zubeiri", na wakaangua kicheko. Mashavu, aliyekuwa amelisema akiwa peke yake na likamgharimu, alilisikia sasa midomoni mwa kila mtu na likamchefua. Alijikuta anawakumbuka wale madereva waliozima injini wakalia. Wale, angalau, walikuwa wamekisoma kitabu.

*

Tume ilikuwa haijapata kazi, na Waziri, ambaye sasa alikuwa Katibu wake, aliona aibu. Akawatuma watu wake wakatafute mpenzi wa kitabu aliyesalia. Wakahangaika sana. Hatimaye wakamleta mmoja. Walikuwa wamemkuta kwenye karakana, amekaa ndani ya jokofu kubwa la bucha lililozimwa, mlango ameuacha wazi kidogo upate mwanga, anasoma kwa kidole na machozi yanamtoka.

Alipoingizwa ukumbini, Mashavu, aliyekuwa amekaa juu kwenye kiti chenye nembo, akaona kwamba ni mume wake.

Ukumbi ulinong'ona. Waziri akainama akamnong'oneza Mwenyekiti kwamba wanaweza kumpa mzee wake nafasi ya kukana, aseme tu alikuwa anatafuta makosa, yaishe. Kisha akasimama, akamsomea mtuhumiwa kosa lake la kuridhika bila kibali, akamwambia aeleze.

Mwinjuma alikuwa bado amevaa ovaroli. Alikishika kitabu kifuani kwa mikono yote miwili.

"Nakipenda," alisema. "Nilikuwa nakipenda mlipokuwa mnakipenda, na sasa bado nakipenda. Mimi nikishapenda kitu sijui kugeuka haraka."

Waziri akamuuliza, kwa dharau ya mtu msomi, anaona nini cha maana kwa mwanamke anayesimama mlangoni kutwa akizimia. Watu wakacheka. Mwinjuma alingoja kicheko kiishe. Halafu akaanza kusema, na hakumtazama Waziri, alimtazama mkewe.

Alisema kwamba alipokuwa mdogo baba yake aliaga anakwenda machimboni, angerudi baada ya mavuno. Mama yake kila jioni alipakua chakula cha baba kwenye sahani, akakifunika kwa kawa, akakiweka mahali pake. Mavuno yakapita, na mengine yakapita. Wanawake wa mtaani wakawa wanamcheka, wanamuuliza kwa nini asimfuate, kwa nini asiolewe na mwingine. Yeye hakujibu. Alipakua, akafunika.

"Hakuna aliyewahi kusema kwamba kusubiri nako ni kazi," alisema Mwinjuma. "Huyu bwana mtunzi kaisema, tena kwa kurasa nyingi. Mnalalamika ni nyingi. Mimi naona ni sawa tu ziwe nyingi. Mama alisubiri sana."

Mashavu alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka tele, na hakuwahi kusikia habari ya sahani ile. Akasahau kwamba ni Mwenyekiti.

"Baba yako alirudi?" akamuuliza.

"Hakurudi. Ndiyo maana nakipenda. Humu anarudi."

"Na mbona hukuniambia siku ile?"

"Wewe uliniuliza habari za meno," Mwinjuma akasema, bila kinyongo.

Mashavu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo. Wajumbe wa Tume walikuwa wanatazama dari. Mmoja alikuwa ametoa leso, na kwa kuwa hakujua kama kulia kumesharuhusiwa, akajifanya ana mafua. Kisha Mwenyekiti akatoa uamuzi, na aliutoa taratibu, kama anavyomweleza mgonjwa hali ya jino lake.

"Kitabu hiki ni kibaya," alisema. "Nimekisoma mara nyingi kuliko mtu yeyote humu, kwa kulazimishwa, na kila mara kilikuwa kibaya. Mume wangu anakipenda, na ana sababu, na sababu yake ni nzuri kuliko kitabu. Mambo hayo mawili yanaishi katika nyumba moja ndogo, kwa hiyo nchini hayatakosa nafasi. Kikao kimefungwa."

Waziri Tambalizeni alibaki amesimama. Alimfuata Mwenyekiti mlangoni akamuuliza kwa sauti ya chini, ili wasaidizi wasisikie, sasa wananchi wahisi nini. Mashavu akamjibu kwamba kila mtu ajisikilize mwenyewe, naye pia. Mheshimiwa akaweka mkono kifuani akajisikiliza. Alisikiliza kwa muda, uso ukaanza kumtoka jasho, na mwishoni ilibidi aletewe kiti na maji, kwa sababu hakusikia kitu, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba jambo hilo huweza kutokea.

Wiki iliyofuata Wizara ilitoa waraka unaowaruhusu wananchi kuwa na hisia zao wenyewe, kwa majaribio, hadi itakapotangazwa vinginevyo. Majaribio hayo yanaendelea. Kumekuwa na vurugu kidogo: wauza samaki wawili hawasemezani kwa sababu ya Zubeiri, na yule askari wa barabarani ameanza kukisoma tena, ila anakaa kando ya barabara. Mashavu aliomba kuvuliwa uenyekiti. Ombi hilo halijajibiwa, naye ameamua kwamba kutojibiwa ni kukubaliwa, akarudi kwenye meno yake.

Jumapili moja alasiri alikuwa amekaa barazani anachagua mchele. Mwinjuma akatoka na kitabu, akasimama kidogo kama mgeni, kisha akamuuliza kama anaweza kukaa. Alipokaa akaeleza kwanza habari ya jokofu la hotelini lililokuwa linapiga mluzi, kwa urefu, na ndani yake alikuta nini. Halafu akafungua kitabu, akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikitambaa mstari kwa mstari. Lulumea alisimama mlangoni. Jua likamchoma. Akazimia.

Mwinjuma akapumzika, akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli.

"Vipi?" akauliza.

"Kibaya," Mashavu akasema. "Kibaya kupita kiasi."

Mwinjuma akaanza kukifunga kitabu.

"Nimesema ni kibaya," Mashavu akamwambia, akisogeza ungo wake karibu naye. "Kwani nimesema uache?"